Domitille Nyandwi, Aliyewapandisha Watoto Jukwaani

Mama yetu Domitille Nyandwi, tunayemsindikiza leo hapa Kilibula, alizaliwa Lubarika, katika uwanda wa Ruzizi, tarehe 4 mwezi wa tatu mwaka 1931. Wazazi wake walilima pamba na mihogo. Alikuwa mtoto wao wa saba, na jina la Nyandwi lilitoka hapo. Kaka zake walikuwa wakisema kwamba ukimtuma maji, alitaka kwanza kujua nani atayanywa.

Alisoma kwa masista kule Luvungi kutoka mwaka 1939 hadi 1945. Katika mchezo wa Noeli alipewa nafasi ya mchungaji asiyesema neno. Siku ilipofika, akasema. Aliwageukia watoto waliokaa chini, akawauliza kama wameona nyota imepita wapi, na kanisa zima likajaa vidole vilivyonyoshwa. Sista alimpa adhabu ya kufagia kanisa. Alifagia akiimba.

Mwaka 1955 alipata kazi Uvira, katika bustani ya michezo ambayo mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliifungua kando ya ziwa. Kulikuwa na bembea, farasi wa mbao wanaozunguka, na jukwaa. Kila siku ya Mungu, yaani Jumapili, baada ya misa, ulichezwa mchezo wa kiboko: kiboko anatoka majini, anakula shamba la mama mmoja, na mama anamfukuza kwa fimbo. Marehemu alikuwa yule mama. Watoto wa Wazungu walikaa kwenye viti. Wetu walitazama nyuma ya waya.

Ndani ya kiboko alikuwa Déogratias, fundi wa kushona, ambaye mwenyewe alishona ile ngozi kwa magunia. Siku moja, akiwa bado na kichwa cha kiboko mkononi, alimwambia: «Weye unanifukuza kila siku ya Mungu. Lini utanikaribisha?» Mama akamjibu: «Oga kwanza.» Walifunga ndoa katika parokia ya Uvira tarehe 12 mwezi wa kwanza 1957. Mungu aliwapa watoto wanne.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, Mgiriki alivuka kwenda Usumbura akamwachia mama funguo. Alisema atarudi, hakurudi. Siku ya Mungu iliyofuata mama alifungua mlango, lakini watoto walisimama nje, maana walizoea kufukuzwa. Akawaambia: «Ingieni. Munangoja nani?»

Kutoka siku ile mchezo ulibadilika. Haukuwa tena wa Kifaransa, wala wa kutazama tu. Mama alisimama mbele akauliza: «Huyu ni nani?» Watoto wakajibu. «Nani anamujua? Apande!» Aliyetaka alipanda jukwaani, na neno lake likawa sehemu ya mchezo. Mtoto Louise, wa jirani yetu Geneviève, alikuwa na miaka minne alipopanda mara ya kwanza. Alipewa fimbo amfukuze kiboko, akaitupa. «Minye siwezi,» akasema. «Iko na njaa. Muache ikule!» Baba akaanza kucheka ndani ya magunia mpaka kiboko akaanguka. Baada ya hapo yule mama wa mchezo alimlimia kiboko shamba lake peke yake.

Mwezi wa tano 1964 waasi waliingia Uvira. Bustani ikawa mahali pao pa kukusanyia watu. Siku moja ya mwezi wa saba walituita wote, wakubwa kwa wadogo, wakampandisha jukwaani Mwalimu Jean-Berchmans wa shule yetu, mikono imefungwa. Walisema alikuwa mtu wa serikali. Mkubwa wao aliuliza: «Tumufanyie nini huyu?» Kila mtu alijua jibu alilotaka kusikia. Wazazi waliinamisha vichwa. Akauliza tena.

Ndipo mama akasimama katikati ya wanawake. Baba alimshika kitambaa, mama akakivuta kutoka mkononi mwake. Hakumtazama mkubwa. Aliwatazama watoto waliokaa mbele, akauliza kwa sauti ya kila siku ya Mungu: «Watoto, huyu ni nani?»

«Mwalimu!»

«Nani anamujua? Apande!»

Louise alipanda wa kwanza. Wengine wakafuata, kwa sababu walikuwa wamezoea kwamba ukiitwa pale, unapanda. Hata watoto wa wapiganaji wenyewe walipanda. Wakamzunguka mwalimu mpaka hakuonekana ila kichwa. Mmoja akasema: «Alinifundisha kuandika jina langu.» Mwingine akasema: «Ananipigaka, lakini iko muzuri.»

Mkubwa aliwaamuru washuke. Walimtazama mama. Mama hakuwaashiria kushuka, wakabaki pale.

«Weye mama, ni nani?» mkubwa akauliza.

«Minye ni mama wa kiboko.»

Watu wengine walicheka, kwa woga. Yule mkubwa hakucheka. Aliwatazama watoto, mwisho akasema: «Mumufungue. Afundishe hawa watoto, wasizurure.» Akaondoka. Baba alimbeba mama mpaka nyumbani.

Si wote waliomshukuru. Jioni ile Geneviève alifika kwetu akilia: «Domitille, uliweka mtoto wangu mbele ya bunduki!» Mama akajibu: «Ndiyo, dada. Nilimuweka.» Hakujitetea, siku ile wala baadaye. Geneviève hakumsalimia kwa miaka mingi. Walipatana mwaka 1986, baba alipofariki: Geneviève aliingia jikoni bila kuitwa, akaanza kuwapikia wageni.

Mama aliendelea na bustani mpaka vita vya 1996, wakimbizi walipobomoa jukwaa kuwa kuni. Tulipokasirika, alituuliza: «Mulitaka wapike na nini?»

Kutoka mwaka 1999 moyo wake ulianza kuchoka na miguu kuvimba. Madaktari walifanya walichoweza. Alifariki nyumbani, Kilibula, asubuhi ya tarehe 9 mwezi wa pili 2001, akiwa na miaka sitini na tisa, baada ya kuomba uji na kulalamika kwamba hauna chumvi.

Ameacha watoto wanne: Modeste, Félicien, Charlotte na mimi Ernestine ninayewasomea, wajukuu na vitukuu, na Louise, aliyemwuguza pamoja nasi hadi mwisho. Mwalimu Jean-Berchmans tulimwekea kiti pamoja na wageni wa heshima. Alikikataa. Amekaa kwenye mkeka, na familia.

Bwana akupokee, mama yetu, akupe pumziko la amani.