Mzee Betri wa Ndege Namba Mbili

Wasikilizaji wapendwa, simameni.

Aliyeshika kijiko akiweke chini. Aliyeshika bisbisi aishushe taratibu. Redio ya chuo chetu cha urubani inasitisha vipindi vyake vyote, yaani hiki kimoja, ili kutangaza msiba mzito. Nguzo imeanguka. Ametutoka aliyewasha makubwa, akakaa kimya wengine wakisifiwa. Alikata roho Jumatano saa moja asubuhi, ndani ya karakana, mbele ya fundi wake, baada ya kusema "ka" mara mbili.

Marehemu alikuwa na uzito wa kilo kumi na tatu. Alikuwa na vichwa viwili, kimoja chanya na kimoja hasi, na hakuwa na miguu. Marehemu alikuwa betri.

Kaeni. Endeleeni kula.

Narudia kwa waliokuwa kwenye foleni ya chakula: aliyefariki ni betri ya ndege namba mbili. Marubani wote ni wazima, ila mmoja ana huzuni, na habari zake haziachani na za marehemu.

Mzee Betri alifika hapa miaka minne iliyopita, ndani ya boksi. Alipokelewa na fundi umeme wetu, Bi Fyuzi. Tunamwita hivyo kwa sababu akikasirika anakatika ghafla, karakana yote inanyamaza, na hakuna anayethubutu kumbonyeza mpaka apoe. Ndiye aliyemlea. Alimfuta vumbi. Alimpaka grisi vichwani. Alimpima kila Jumatatu.

"Nina watoto watatu," Bi Fyuzi aliniambia, "na wote wamewahi kunijibu vibaya. Huyu hakuwahi."

Kazi ya mzee ilikuwa fupi na ngumu. Kila asubuhi aliizungusha injini mpaka iwake. Ikishawaka, alteneta inapokea zamu. Alteneta inazungushwa na injini, na inatoa volti ishirini na nane. Mzee alikuwa wa volti ishirini na nne. Narudia: ishirini na nane, ishirini na nne. Mbona hazilingani? Mwalimu wetu wa urukaji ameeleza kwa mfano wa mapipa mpaka tunayaota. Maji hutoka pipa la juu yakaenda la chini. Volti ni kimo cha pipa, ampea ni maji yanayopita kwenye bomba. Alteneta isipokuwa juu kidogo, betri haipati kitu. Kwa hiyo mzee alitoa asubuhi, akarudishiwa angani. Maisha safi kabisa.

Mwalimu huyo tunamwita Kapteni Orodha. Hafanyi jambo bila kusoma orodha yake ya ukaguzi. Hata kupiga chafya anafuata hatua: kitambaa, tayari, pua, wazi, majirani, wametahadharishwa.

Sasa aingie Sindano. Ni mwanafunzi mwenzetu, mwembamba, mtulivu, hatikisiki mpaka kitu kimsukume kweli, kama sindano ya kipimo. Baba yake ni mshona viatu. Kesho Jumamosi Sindano alikuwa aruke peke yake kwa mara ya kwanza: Kapteni chini, kiti cha kulia kitupu, anga lote lake. Baba yake amepanga kufunga kibanda, aje kutazama. Mwaka mzima anawaambia wateja kwamba hiyo siku hashoni hata kandambili.

Mwezi uliopita, wakiwa angani, Kapteni alizima alteneta kwa makusudi bila kumwambia. Taa nyekundu ikawaka. Moyo wa Sindano ulimwambia, "Tumekwisha, injini inazimika." Akili yake ikamjibu, "Nyamaza wewe." Cheche za injini zinatoka kwenye magneto, na magneto haiombi chochote kwa betri. Propela ilikuwa inazunguka kama kawaida. Tatizo lilikuwa moja tu: sasa kila taa na kila redio inakula kwa mzee, na mzee hana anayemjazia. Sindano akaanza kupunguza walaji. Taa za ndani, akazima. Redio ya pili, akazima. Kipasha joto, akazima.

"Mbona unazimazima?" Kapteni aliuliza.

"Sufuria ni moja, Kapteni, na wageni ni wengi."

Kapteni akageukia dirishani, asionekane akicheka. Mzee aliwabeba peke yake dakika kumi na nane, mpaka wakatua. Sindano alimpigapiga kifuniko, akasema, "Asante, babu."

Basi, wasikilizaji wapendwa, ikaja Jumanne.

Adhuhuri Sindano aliegesha ndege namba mbili. Alitazama kipimo cha volti, akaona sindano imesimama pazuri. Kapteni alikuwa ameshashuka, anatembea kuelekea ofisini, orodha kwapani. Akauliza bila kugeuka:

"Betri?"

"Nzima!" Sindano akaitikia.

Kisha akazima swichi kuu, ile inayokata umeme wote wa betri, akashuka, na ndege ikasukumwa karakanani.

Jumatano asubuhi mzee akakutwa ameisha. Swichi kuu ilikuwa imewashwa. Betri changa ingeweza kuchajiwa ikafufuka, lakini hii ilikuwa imechoka, na aliyechoka ukimkausha kabisa harudi. Sindano aliitwa ofisini. Mimi nilikuwa nje ya dirisha, nimeinama kufunga kamba ya kiatu. Nilivaa ndala. Nilisikia hivi:

"Nilikuuliza betri, ukaniambia umezima."

"Nilisema nzima, Kapteni. Nzima ya uzima."

"Kwa hiyo hukuzima."

"Nilizima."

"Ilikuwa nzima au ulizima?"

"Ilikuwa nzima, nikazima."

"Ukishazima inakuwaje nzima?"

"Kapteni, nilizima ikiwa nzima!"

"Na hilo la kuzima, uliniambia?"

Kweli, Sindano hakuwa amelisema. Alikuwa ametaja afya ya betri, Kapteni akasikia habari ya swichi. Kapteni alikunja orodha yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, asiyezima betri ardhini, mimi simwachii ndege angani." Akatoka mpaka kwenye ubao wa marubani wa Jumamosi, akafuta jina lake.

Baba yake Sindano alipopata habari, alipiga simu ofisini. "Mwalimu," alisema mshona viatu, "huyo mtoto anaweza kusahau kula. Kuzima hasahau. Hapa nyumbani aliwahi kunizimia taa nashona, sindano ikaingia kwenye kidole badala ya soli. Kidole ninacho, njoo ukione."

Kapteni alimshukuru kwa heshima. Ubao ulibaki vilevile, ila baba bado ana matumaini ya kuja.

Jana betri mpya ilifungwa. Kesho ndege itaruka, na rubani mwingine. Sindano ameandika ujumbe wa kumwambia baba yake asifunge kibanda, asije. Hajautuma. Yuko meza ya pili hapo bwaloni, simu mkononi, kidole juu ya kitufe. Na kibaya zaidi, ameanza kujishuku. Jana alimuuliza mwenzake wa kitanda cha juu, "Hivi kweli nilizima?"

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii, tunatoa pole kwa Bi Fyuzi, mama mlezi. Pole kwa alteneta, iliyobaki na umeme mkononi na wa kumpa hayupo. Pole kwa betri mpya, iliyoingia kwenye sanduku la mtu bila hata kukaribishwa. Nasi tulioachwa tujiulize: tunapoondoka mahali, tunaacha nini kinawaka nyuma yetu? Mzee hakulalamika. Aliachiwa taa ya kutua, ile kubwa ya kwenye pua, inayokunywa umeme kama ngamia aliyetoka safari, naye akaihudumia mpaka tone la mwisho, akiwa peke yake, bila...

Samahani kidogo. Mlango wa studio umefunguliwa. Ni Bi Fyuzi. Karibu, Bi Fyuzi. Wasikilizaji, mfiwa mwenyewe amefika, ana bisbisi.

"Rudia hapo kwenye taa."

"Nimesema inakunywa umeme, Bi."

"Taa ipi?"

"Ya kutua."

"Swichi ya hiyo taa niliikuta iko juu, Jumatano, nikiwa peke yangu. Taa yenyewe ilikuwa imeshazimika kwa njaa. Nikaishusha swichi, nikafunga mdomo. Hata Kapteni anajua swichi kuu tu. Nilisema, aliyeiwasha atajileta. Wewe kakwambia nani?"

"Marehemu."

"Mwanangu, nitakukatikia hapahapa."

Wasikilizaji wapendwa, tupate muziki kidogo.

Muziki hautakuwepo. Bi Fyuzi amechomoa waya wa muziki. Ameacha wa mikrofoni.

Haya.

Ni mimi.

Jumanne saa kumi na nusu niliingia kwenye ndege namba mbili, nikakaa kiti cha kushoto. Nikawasha swichi kuu. Nikawasha taa ya kutua. Nikawatangazia abiria mia mbili wafunge mikanda. Ndege ina viti viwili. Jua lilikuwa linapiga ndani ya karakana, hivyo ile taa hata haikuonekana. Kengele ya kuhesabiwa ikalia, nikaruka nikakimbia. Nilipokumbuka, kijiko kilikuwa mdomoni na karakana imeshafungwa.

Ningeweza kusema. Jumatano ningeweza. Jana Sindano alipita kwenye korido, macho mekundu, nikamuuliza kama amekata vitunguu. Watu wakacheka. Nikaona wakicheka hawaulizi nani. Ndiyo maana nikaandika kipindi hiki, kirefu hivi.

Sindano, ulizima. Uliizima ikiwa nzima, na niliyeiua ni mimi. Usitume huo ujumbe.

Kapteni, nakuona hapo mlangoni nyuma ya Bi Fyuzi, na bado una chaki. Mrudishe yeye ubaoni kwanza, halafu uje unichukue. Sina pa kukimbilia. Chumba hiki kina mlango mmoja, na Bi Fyuzi ameuletea kiti.