Mzee Mwinyimvua na Viatu Mlangoni

Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 2025, Mzee Mwinyimvua Haruna anastaafu baada ya kulitumikia Kanisa la Kengele, hapa mjini kati, kwa miaka thelathini na minane. Kwa wageni ambao wamefika leo kwa mara ya kwanza, na ambao sasa hivi wanajiuliza kwa nini wameketi kwenye ibada ya kuaga wakiwa pekupeku huku viatu vyao vimefungiwa kwenye kabati mlangoni, wasifu huu ndio maelezo yenyewe. Vumilieni kidogo. Sakafu imepigwa deki asubuhi, nimesimamia mwenyewe.

Mzee Mwinyimvua ni mzaliwa wa Magomeni, Mzaramo wa kwao kabisa, Mwislamu asiyekosa swala. Aliajiriwa mwaka 1987 kuwa mtunza bustani. Kazi yake ilikuwa kufagia majani, kumwagilia maua na kupunguza ua wa michongoma unaopita chini ya madirisha ya kanisa. Ndani hakuwahi kuingia. Hakuna aliyemkataza, ila bustani iko nje, naye si mtu wa kudokoa kazi za wenzake.

Wakati huo wageni walitembezwa na Mwalimu Ansbert, mstaafu wa shule ya msingi aliyekuwa na sauti ya kuita paredi. Kila siku alieleza historia ya jengo hili kwa maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, akikohoa mahali palepale. Na kila siku, chini ya dirisha, mkasi wa Mwinyimvua ulikuwa ukikata michongoma taratibu sana. Miaka ikapita hivyo. Ua wetu ukawa mzuri kuliko wowote mjini.

Siku moja ya mwaka 1994 Mwalimu Ansbert aliamka na homa. Mchungaji Benjamini alikuwa kwenye mazishi Temeke, na kundi la wageni kutoka ng'ambo lilikuwa limeshafika getini, jioni wana ndege. Aliyekuwa na funguo ni mtunza bustani. Wageni wakamwangalia, naye akaangalia funguo. Mwishowe akasema, "Haya, twendeni, Mungu ni mmoja."

Alipofika mlangoni alifanya kile ambacho mtoto yeyote wa Magomeni hufanya akiingia nyumba ya ibada: akavua makubazi yake, akayapanga pembeni, akatanguliza mguu wa kulia. Hakuwaza lolote. Wageni waliokuwa nyuma yake walitazamana, wakadhani ndiyo desturi ya kanisa, wakaketi kwenye ngazi kufungua kamba za mabuti. Soksi nazo zikavuliwa.

Ndani kulikuwa na shida nyingine. Mwinyimvua alikuwa na maelezo yote ya Mwalimu Ansbert kichwani, neno kwa neno, ila alikuwa ameyasikia tu akiwa nje. Alijua kwamba "hapa kushoto mnaona" kuna kitu cha ajabu, lakini kushoto kwenyewe palikuwa na milango miwili na kabati. Akalisifu kabati kwamba lina mabomba mia kadhaa na sauti ya kutikisa dari. Akawaonyesha mimbari, akasema watoto hubatizwa humo. Mama mmoja katika wageni alikuwa anajua Kiswahili kidogo, akamnong'oneza, "Kinanda nadhani ni kile kule juu." Mzee akakohoa, palepale alipokuwa akikohoa Mwalimu Ansbert, akaendelea.

Mchungaji Benjamini aliporudi kutoka mazishini alikuta safu ya mabuti, raba na makubazi kwenye mlango wa kanisa lake. Halafu, kwa maelezo yake mwenyewe, akaona uvivu kukasirika, akavua viatu na kuingia. Alikuwa amelihudumia kanisa hili miaka mingi na hakuwahi kujua sakafu yake ina ubaridi mtamu kiasi kile mchana wa jua kali. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba wageni wote watatembezwa hivyo. Fungu la Maandiko la kuunga mkono uamuzi huo alilipata bila taabu.

Mwalimu Ansbert alipopona alisema magoti yamechoka, akamkabidhi Mwinyimvua kazi na siku nzima ya kumwonyesha kipi ni kipi. Kuanzia hapo ziara yetu fupi ikawa na mwenyewe. Hufunguliwa kwa maneno ambayo nusu ya Kariakoo inayajua: "Karibuni. Viatu vibaki, ninyi mwingie." Wanafunzi huwapanga kwa urefu, maharusi huwapanga kwa woga. Wachaga huwatania kwamba wakiingia tu wanatazama juu kukadiria mabati. Ijumaa mchana ziara husimama, na mgeni anayefika saa hizo huambiwa akanywe kahawa kwanza kwa sababu mtembeza wageni wa kanisa amekwenda msikitini. Wengi wamedhani tunawafanyia mzaha.

Sisi wa ofisini tumeishi naye vizuri mno. Krismasi haikukamilika bila sufuria la pilau kutoka kwa mkewe, Bi Zena. Mwezi wa Ramadhani tulikuwa tukijibanza stoo kunywa chai ili tusimtamanishe, naye alikuwa akigonga mlango na kutuuliza kama sukari inatosha.

Ila jambo kubwa alilotupa lilitoka kwenye nyayo zake. Miezi michache baada ya kuanza ziara za pekupeku, alikanyaga kijishimo karibu na nguzo ya mwisho, upande wa bahari. Akarudi, akakanyaga tena. Akamwita Mchungaji, wakapiga magoti na tochi. Kwenye saruji, chini ya nta ya miaka yote ile, kulikuwa na unyayo wa mtoto: kisigino kidogo, vidole vitano, kidole gumba kimezama zaidi, maana mwenye mguu alikuwa anakimbia. Ni mtoto wa nani hakuna ajuaye. Waliovaa viatu walikuwa wamepita juu yake maisha yao yote. Tangu siku hiyo kila mgeni huweka mguu wake hapo, na Mzee husema, "Mjerumani alichora ramani, babu zetu wakabeba mawe, huyu mtoto ndiye aliyetia saini." Nimesikia maneno hayo mara nyingi sana na bado huwa natoka ofisini kwenda kuyasikiliza.

Sasa tufike mwaka 2011, ambako kila mtu anasubiri nifike.

Mwaka huo tulitembelewa na kwaya ya akina mama kutoka Machame, wakiongozwa na Mama Rachel, mwanamke ambaye hata akikusalimia unajikuta umesimama wima. Walikuwa na sare mpya, vitenge vya bluu na viatu vyeupe, vyote vya aina moja. Wakavivua, wakaingia, wakaimba pale kwenye unyayo mpaka madirisha yakaitikia. Mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai. Walipotoka, ngazi zilikuwa tupu. Kwaya nzima haikuwa na kiatu hata kimoja. Mwizi alikuwa amebakiza makubazi ya Mzee Mwinyimvua tu, kwa sababu yalikuwa yamechakaa kiasi ambacho hata mwizi ana heshima yake.

Basi lao lilikuwa limekwenda gereji. Mama Rachel hakuwa mtu wa kungoja basi. "Baba," alimwambia Mzee, "viatu vya mji huu vikiibiwa vinaenda wapi?" Mzee akajibu kwamba hajui vinakoenda, ila anamjua rafiki yake Awadhi, muuza viatu vya mtumba Mchikichini, ambaye hakuna kiatu kinachozunguka mjini asikione. "Tangulia," akasema Mama Rachel.

Basi wakatoka. Mzee mbele, pekupeku kama wao, makubazi yake kayabana kwapani, maana alisema hawezi kuvaa kiatu wakati wageni wake hawana. Nyuma yake kwaya nzima, kwenye lami ya saa saba mchana, kupitia Mnazi Mmoja hadi Mtaa wa Uhuru. Wenye mikokoteni walisimama. Machinga waliuliza, "Mama zetu, haya maandamano ya nini?" Wakajibiwa kwa wimbo. Mpagazi mmoja akawa anawafungulia njia kwa kelele, "Pisha! Pisha! Kwaya inaungua miguu!"

Barabara hiyohiyo lilikuwepo duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Eliakimu. Mzee Eliakimu ni mzee wa kanisa letu, Mchaga wa Machame, mtanashati ambaye viatu vyake ungeweza kujitazamia ukichana nywele. Alikuwa mlangoni na wateja wake. Akaiona kwaya. Kisha akamwona anayeiongoza, na huyo alikuwa dada yake mkubwa, tumbo moja, anapita Kariakoo hana viatu. Dada yake akampungia mkono. Yeye hakupunga.

Mchikichini walimkuta Awadhi amekalia gunia. Kijana mmoja alikuwa amelileta kuuza, Awadhi akachungulia ndani akaona viatu vyeupe vitupu, vya kike, vyote sawasawa. "Nikasema hapana," alituhadithia baadaye, "mtumba hauji kwa sare." Kijana alipoulizwa swali la pili alikimbia. Kwaya ikapiga vigelegele, ikagawana viatu palepale. Kwa kuwa vilifanana, inasemekana wapo waliorudi Machame na viatu vizuri kuliko walivyoondoka navyo, lakini hayo tumewaachia wenyewe.

Sisi tulicheka. Mzee Eliakimu hakucheka. Aliandika hoja kwa baraza la wazee: ziara za pekupeku zikome mara moja, na Mwinyimvua arudishwe bustanini, kwa kuwa ameliletea kanisa aibu ya barabarani. Wengi walikuwa tayari kumuunga mkono, kwani ndiye aliyetupa rangi, mabati na mabomba.

Zile zilikuwa siku mbaya. Kesho yake asubuhi, kabla hajaambiwa kitu na mtu yeyote, Mzee alichukua mkasi wake na kuanza kukata michongoma. Alikata kutwa nzima. Nilimpelekea maji, akasema ahsante mwanangu, akaendelea kukata. Alikuwa ameumia, na sisi tuliumia naye. Watu wakivaa viatu, ule unyayo ungerudi kuwa sakafu tu.

Baraza lilikaa Jumapili, humuhumu kanisani, nasi wa ofisini tukiwa viti vya nyuma. Mama Rachel alikuwa ameahirisha safari. Hakuwa mjumbe, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia. Mdogo wake alisoma hoja yake yote, ndefu, na alipomaliza, dada akasema, "Eliakimu, wewe ziara yenyewe umewahi kuifanya?"

Akasema yeye ni mzee wa kanisa, atatembezwaje kwenye kanisa lake.

"Basi vua viatu."

"Dada, hapa? Mbele za watu?"

"Mimi nimepita mbele ya duka lako hivihivi. Wewe unashindwa ndani ya nyumba ya Mungu? Vua."

Akavua. Na hapo, wapendwa, ndipo tulipoiona soksi ya Mzee Eliakimu, ambayo kidole gumba kilikuwa kimeshatoka kitambo kuangalia mambo ya nje. Hakuna aliyecheka. Tulitazama dari kama tunakadiria mabati.

Mzee Mwinyimvua aliitwa kutoka bustanini. Alinawa mikono, akasimama mlangoni, akasema maneno yake: "Karibu. Viatu vibaki, wewe uingie." Akamtembeza peke yake, ziara fupi ileile, utani uleule, hata ule wa Wachaga. Walipofika kwenye nguzo ya mwisho akamwonyesha pa kukanyaga. Mzee Eliakimu akaweka mguu wake mkubwa juu ya ule mdogo. Akakaa hivyo. Hatimaye alimwambia Mzee kwa sauti ya chini, lakini kanisa letu lina mwangwi kwa hiyo tulisikia wote, kwamba yeye alibatizwa humuhumu na amepita hapo na viatu miaka hamsini. Halafu akaomba waanze tena mwanzo.

Hoja haikupigiwa kura. Wiki iliyofuata uliletwa mkokoteni kutoka Kariakoo ukiwa na kabati kubwa la viatu, milango ya chuma, kufuli la uhakika. Ndilo hilo mliloliona mlangoni. Funguo anazo Mzee Eliakimu, na leo mwenyewe kaketi safu ya mbele, soksi hana kabisa.

Mzee wetu, umetembeza mabalozi na wauza nyanya kwa maneno yaleyale. Hujawahi kumharakisha mtoto, na Mkatoliki kama mimi, mhasibu kwenye ofisi ya Kilutheri, ulimfundisha kwamba mtu anaweza kulipenda jengo la jirani bila kuhama kwake. Tutakukosa, na hilo silisemi kwa mzaha. Tunamshukuru Bi Zena kwa kutuazima mumewe, na kwa pilau.

Limebaki jambo moja, na hili hukuambiwa. Unalisoma sasa hivi pamoja na sisi. Ile ngazi ya mlangoni iliyopasuka, uliyokuwa ukiuliza kila siku lini itatengenezwa, tulikuwa tunaichelewesha makusudi. Fundi ameimwagia saruji wakati wa wimbo wa pili. Mifuko ametoa Mzee Eliakimu, na wazo ni lake. Tukimaliza kusoma utatoka kwanza, peke yako, pekupeku, kwa mguu wa kulia kama ulivyozoea, na utakanyaga pale kila mtu anapovulia viatu. Kanyaga kwa nguvu, Mzee.

Nenda kapumzike Magomeni salama, upate afya, wajukuu na kahawa isiyo na haraka. Wewe uende, unyayo ubaki.

Fortunata, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kanisa la Kengele