Mpiga Ngoma wa Neno Lililokatwa
Na Shomari Issa, seremala wa Ushirika

Leodgar Xavery, mfunga marobota na mpiga ngoma kubwa wa bendi ya Ushirika wetu wa Tumbaku na Asali Isenga, aliingia kazini tarehe 4 Februari 1985 na anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Ni miaka arobaini na miezi minne na ushee. Mtani wangu huyu amefunga marobota mengi sana ya tumbaku. Mengine yalifunguka yenyewe kabla ya kufika stesheni, lakini leo ni sherehe, tuyaache.

Kazi ya kamba angeifanya yeyote. Ngoma je?

Wote mnaujua ule wimbo wa vita vya Kagera ambao bendi yetu hufungia nao shughuli. Mstari wake wa mwisho unasema: aliyevuka bila hodi, atarudi bila pu-pu. Neno lenyewe siliandiki. Meneja wetu, Mama Consolatha, ameagiza lisionekane kwenye ratiba hii wala bendi isiliimbe, maana tuna wageni kutoka Uganda. Na mimi ni mtu wa kutii.

Neno hilo lilianza kukatazwa mwaka 1994. Meneja wa wakati ule alisema ni la kikatili, akaleta lake: atarudi bila kofia. Tukaliimba mara moja tu, kwenye harusi kule Bukene, bwana harusi akavua kofia yake akidhani anaambiwa yeye. Leodgar akarudi Tabora na dawa. Babu yake alikuwa mpagazi, na wapagazi wa njia ya misafara waliimba hivyo: kiongozi anakata neno la mwisho, wenye mizigo wanalijaza. Shughuli iliyofuata, bendi ikanyamaza penye neno, Leodgar akagonga ngoma mara mbili, pu-pu, na uwanja mzima ukalitamka. Kabla ya kukatazwa, nusu ya mji walikuwa hawausikilizi wimbo huo. Sasa hata chekechea wanaujua.

Akaandikiwa barua ya onyo. Akaijibu kwa kalamu ya risasi: "Mimi sijaimba kitu. Iulizeni ngoma." Jibu hilo limo kwenye faili lake, na kila karani mpya hulisoma kabla hata hajaonyeshwa choo.

Bi Kuluthumu wa masijala husema wimbo wa kukata watu haufai harusini. Ana hoja. Ila msiojua mjue: kaka yake Leodgar, Raymundi, aliondoka stesheni ya Tabora mwaka 1979 akiuimba wimbo huo dirishani, na hakurudi. Kaburi lake halijulikani. Mama yao, Bi Magreth, alikuwa akitoka Ipole kila Sikukuu ya Uhuru kuja kukaa mbele ya bendi. Neno lilipofika, sauti yake ilitangulia zote. Wenye ofisi walisikia matusi kwa majirani. Leodgar alimsikia mama akimwita mwanawe. Sasa mama hayupo, na pale penye pengo mtani wangu hufumba macho.

Ratiba ya Ijumaa, kipengele cha saba, imeandikwa "Muziki laini." Nilimuuliza atapiga nini. Akaniambia, "Laini, mtani. Mapigo mawili tu." Bendi itanyamaza kama ilivyoagizwa. Agizo nimelisoma mara tatu, na halijamtaja mtu aliyekaa kwenye kiti chake na mdomo wake.

Tunakushukuru, Leodgar. Tunamshukuru na mkeo Eustadia, aliyevumilia mazoezi ya ngoma kubwa kwenye nyumba ya vyumba viwili. Nenda Ipole kwenye mizinga yako, ukaone kama nyuki nao watakubali kufungwa kamba. Tunakutakia siha, asali isiyokauka na majirani viziwi.

Uliingia kwetu bila mvi, mtani, unatoka bila pu-pu. Jazeni wenyewe; upara wake uko hapo mbele.