Safari ya Nakuru na Blanketi la Mkwe Wangu

Bwana asifiwe! Nimesema Bwana asifiwe, na mkinijibu kwa uvivu namna hiyo nitanyamaza, mrudi nyumbani bila kusikia. Haya, sasa mmeitika kama watu waliokunywa chai. Mniruhusu nishuhudie nikiwa nimeketi, kwa sababu miguu hii mnaijua. Naitwa Loice, Mama Khasandi, mpangaji katika ploti ya Mama Njoki hapa Kawangware. Nimeokoka, nampenda Bwana, na leo nina jambo.

Ndugu zangu, mnakumbuka nilivyoteleza nikitoka kuchota maji. Nyonga ilivunjika, ikaungana vile ilivyotaka yenyewe. Tangu siku hiyo dunia yangu ikawa ni kitanda, kiti cha mlangoni na choo cha nyuma. Jumapili mlinileta kanisani kwa mkokoteni wa maji, na nilicheka pamoja nanyi njiani, lakini nikifika nyumbani nililia. Nilikuwa mama wa kutembea, mimi. Nilikuwa naenda Kibera kwa miguu kumwona binti yangu pale Mashimoni, narudi napika, na bado nahudhuria mkutano wa akina mama.

Sasa, nina dada yangu wa tumbo moja, Ruth. Anakaa Nakuru tangu mume wake alipokuwa akifanya kazi ya reli. Macho yake yalianza kuingia giza kidogo kidogo, na daktari akamwambia yatafunga kabisa. Ruth akanitumia neno kwa mdomo wa jirani: "Mwambieni Loice aje nimwone kabla taa haijazimika." Neno hilo lilinichoma, ndugu zangu. Yeye hana macho, mimi sina miguu, na kati yetu kuna barabara nzima. Mabasi ya stendi hayamngoji mtu wa mkongojo. Unapoinua mguu wa kwanza, utingo ameshapiga bodi na gari limeondoka na kiatu chako.

Nikaomba. Niliomba miguu. Bwana hakunipa miguu, akanipa kamati.

Mnacheka, lakini ni kweli. Kanisa lilisema wazee wote wasioweza kutembea watakodiwa basi wapelekwe matembezi, wafurahi kama watu wengine. Vijana wetu wakaleta mapendekezo yao. Mmoja akasema twende Mombasa. Nikamwuliza, mwanangu, hiyo barabara ya usiku kucha, hawa wazee watakojoa wapi? Mwingine, Mungu ambariki, akasema tupande Longonot tukaombe mlimani. Mzee Andayi, ambaye hawezi kupanda hata kitanda bila kusukumwa, alimwangalia mpaka kijana akaketi chini. Mwenye miguu hamjui asiye nayo.

Ni Mama Njoki aliyetuokoa. Mnamjua, akisimama mbele ya mlango wako kila mpangaji hukumbuka dhambi zake. Alisimama akauliza maswali, na kuuliza si ujinga. Ngazi ya hilo basi iko juu kiasi gani? Tutasimama wapi, na hapo kuna choo cha kuketi ama cha kuchuchumaa? Nani atatushusha? Huko tunakoenda, mtu asiyeweza kushuka ataona nini akibaki kwenye kiti? Kila safari waliyoitaja ilianguka kwa maswali hayo. Ikabaki moja tu. Nakuru! Lami mpaka mwisho, unaenda na kurudi siku moja, na basi linaweza kusimama kando ya ziwa, wazee wakaona ndege wote dirishani bila kuinuka. Nikainua mkono nikasema, na mimi nina dada huko. Wakakubali tupitie kwake kabla ya ziwa. Dereva na utingo wangetubeba mlangoni, tukipanda na tukishuka. Nililala usingizi mtamu, ndugu zangu.

Asubuhi ya safari nilikuwa nimeketi kando ya barabara na gauni langu la kitenge, mafuta usoni, mkongojo mapajani. Basi likafika. Mlango wa dereva ukafunguka, akateremka kijana mrefu mwenye mabega. Nikamtazama, akanitazama.

Alikuwa Shikuku, mume wa binti yangu Khasandi!

Dereva waliyetuahidi alikuwa ameamka na homa, na mwenye basi akamwita Shikuku. Hakujua anakuja kubeba akina nani. Sasa ninyi wa makabila mengine mnielewe. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake ni moto na petroli. Hatusalimiani kwa mkono, hatuli pamoja, hatupiti njia moja tukikutana. Kunigusa ndiyo aibu isiyosemeka. Mimi nilivuta leso nikajifunika uso. Yeye aliruka nyuma ya basi akajificha kwenye gurudumu. Mama Njoki akabaki katikati anashangaa.

"Huyu kijana amekuibia nini?" akaniuliza.

"Ni mkwe wangu," nikasema ndani ya leso.

"Sasa si hiyo ni poa? Ni kijana yako! Akubebe twende."

Nikamweleza. Akatikisa kichwa, akasema ninyi Waluhya mna maneno. Basi, wengine wakapandishwa. Shikuku alimbeba Mzee Andayi kama mtoto, akambeba Mama Njoki mwenyewe, ambaye alifurahia kupita kiasi. Utingo alikuwa kijana mwembamba, alijaribu kuninyanyua mimi peke yake akashindwa, kwa maana Bwana aliponiumba hakubania udongo. Na hata kama majirani wangenipandisha hapa, nani angenishusha Nakuru? Nikasema nendeni tu. Nitabaki. Msalimieni Ruth.

Injini ikawashwa. Na hapo, ndugu zangu, moyo wangu ukapasuka. Nilimwona akilini dada yangu ameketi mlangoni kwake anakodoa macho barabarani, anamngoja mtu ambaye hakuja kwa sababu ya heshima. Nikasema, Bwana, heshima hii umenipa wewe ama nimeiokota mwenyewe? Ruth akizima bila kuniona, nitaipeleka wapi? Nikatoa leso usoni. Nikaita kwa sauti, "Shikuku! Mwanangu! Njoo unibebe."

Jina la mkwe sikuwa nimelitamka tangu arusi. Nilisikia mzigo unadondoka mgongoni. Nilikuwa huru!

Lakini mkwe wangu hakuwa huru. Alizima injini, akashuka, akasimama akiangalia ukuta wa duka. Akamwambia Mama Njoki kwa dirisha, "Mwambieni mama siwezi. Afadhali nife."

"Si anakusikia?" Mama Njoki akasema. "Ati nimwambie nini?"

"Mwambie sijamletea blanketi yake."

Ni kweli. Kwetu mkwe humletea mama mkwe blanketi, amfunike nalo kwa mkono wake, na kuanzia hapo kamba ya mwiko huo hulegea kidogo. Shikuku alioa akiwa hana kitu, blanketi likawa la mwaka ujao, na mwaka ujao haukufika. Mimi sikulidai. Kumbe miaka hiyo yote alikuwa ananikimbia kwa aibu yake mwenyewe, nami nikadhani ni adabu tu.

Mama Njoki hakungoja mkutano. Alivua blanketi lake la baridi ya Limuru, zuri, la mistari, akalirusha dirishani likamwangukia Shikuku kichwani. "Hiyo ni yako sasa. Nimekupatia. Mpe mama yako na tuende, hawa wazee watataka choo kabla hatujatoka Kawangware."

Shikuku akamtazama Mzee Andayi, maana ndiye mtu mzima wa kwetu ndani ya basi. Mzee akafikiri. Akafikiri tena. Halafu akasema, "Blanketi ni blanketi."

Ndugu zangu, kijana yule alinijia akitembea kinyumenyume ili asinione. Akanifunika kichwa mpaka miguu, nikawa kama gunia la viazi la kupelekwa sokoni. Akaniinua. Mimi ndani ya giza la blanketi nililia na kucheka, nikisema asante Yesu, asante Yesu. Wazee wakapiga makofi basi zima. Tuliimba mpaka Naivasha, na kila tuliposimama nilifunikwa, nikabebwa, nikarudishwa.

Nakuru, Ruth alikuwa mlangoni. Aliona kijana anakuja na furushi. "Nani huyo anabebwa kama bibi arusi?" akasema. Shikuku akaniweka kwenye kiti karibu naye, akageuka upande. Nikafunua blanketi. Dada yangu alinishika mashavu kwa mikono miwili, akaleta uso wake karibu mpaka pua zetu zikagusana, akanitafuta na ile nuru ndogo iliyobaki. Alinitazama sana. Nikaogopa.

"Loice," akasema, "umezeeka, lakini umenenepa vizuri."

Tulicheka mpaka tukashikana. Nikamweleza habari ya mkwe na blanketi, nikamwambia nasikitika kwa macho yake. Akasema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Kisha akageukia mahali alipokuwa Shikuku. Yeye naye ni mama mkwe, maana mama mdogo ni mama. Akanyoosha mikono juu na kusema, "Na mimi je? Leta hiyo blanketi, kijana. Nataka kuona ndege."

Akatubeba mmoja baada ya mwingine, blanketi moja. Kando ya ziwa tuliketi kiti kimoja, yeye dirishani. Ndege walikuwa wamefunika maji yote kwa rangi ya waridi. Aliona rangi tu, mimi nikamweleza miguu yao mirefu myembamba, akasema hata sisi tulikuwa na miguu hivyo.

Miezi imepita. Wiki hii nimeletewa habari kwamba macho ya Ruth yamefunga kabisa. Amesema niwaambie hana huzuni, kwa sababu sura aliyofunga nayo ni yangu. Msinililie. Nawashukuru ninyi, namshukuru Mama Njoki, na zaidi ya wote namshukuru Bwana aliyeniacha na miguu ile ile akanifikisha. Shikuku sasa hunijia kila mwezi na Khasandi. Huketi nje ya mlango, mimi ndani, na tunaongea.

Wewe uliyebaki nyumbani ukisema nikipona nitaenda, nakusihi leo. Mwamini Mungu. Ana mikono mingi, na mingine ni ya watu unaoona haya kuwatazama. Usingoje miguu. Kubali kubebwa, ufike.