Mwalimu Theuri na Mitarakwa ya Jumamosi

Mwalimu Zakayo Theuri alizaliwa tarehe 9 Aprili 1928 karibu na Kiganjo, kifungua mimba wa Mzee Kingori na Mama Wachuka. Akafuata Watiri, dada yake, kisha basi. Anayeshangaa leo kwamba familia ni watu wachache, ajue hawakuwahi kuwa wengi.

Alianza shule mwaka 1937, magoti yakigonga dawati, maana mbuzi walimhitaji kwanza. Alipata cheti cha ualimu mwaka 1951, akafundisha hesabu na sayansi hapa kwetu miaka thelathini na miwili. Mtoto akisema "sijui," alijibiwa, "Basi nenda ukapime."

Alimwoa Ngendo tarehe 6 Desemba 1958. Hawakujaliwa mtoto. Ngendo alifariki mwaka 1966, na tangu hapo Mwalimu alijipikia kwa sufuria ndogo. Waliokuja kumtafutia mke wa pili walipewa chai, wakaonyeshwa mlango.

Mwaka 1969 aliomba kipande cha msitu wa serikali kilichokuwa kimekatwa miti. Kila Jumamosi, bila mshahara, alipeleka wanafunzi kupanda mitarakwa. Walipima urefu wa mti kwa kivuli chake, na mvua kwa mkebe wa maziwa. Wazazi nao waliruhusiwa kulima viazi katikati ya miche mpaka miti ifunike shamba kwa kivuli. Na hapa hakuna asiyejua: miti ikifunika, unahamishwa.

Juni 1972 watoto walihesabu. Kati ya miche mia nne, mia moja sitini na mitatu ilikuwa imekauka.

"Imekauka kwa nini?" Mwalimu akauliza darasani.

Binti wa Mama Muriithi akainua mkono. "Mama anakatanga mizizi na jembe, Mwalimu, ndio tusifukuzwe kwa shamba."

Mwalimu akaandika ubaoni: Sahihi. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kama ni kosa.

Kesho yake Mama Muriithi alisimama mlangoni mwa darasa. "Ati unafundisha mtoto yangu kunishtaki na hesabu?"

"Niliuliza habari ya miti, Mama. Sikuuliza habari yako."

Jumamosi iliyofuata hakuja mtoto hata mmoja. Wala iliyofuata hiyo. Mwalimu alienda peke yake miaka kumi na miwili, akipanda upya palipokauka na kuongeza miche mingine, na kila Juni akihesabu.

"Wacha, kaka," Watiri alimwambia. "Hata asante hupati."

"Mti haungoji asante, Watiri. Unangoja maji."

Januari mwaka huu wa 1984 mapafu yalimshika, na Mei akalazwa hospitalini Nyeri. Kila aliyekuja kumwona aliulizwa jambo moja: "Juni hii nani atahesabu?" Alifariki Jumanne tarehe 26 Juni, saa mbili asubuhi, swali hilo halijajibiwa.

Saa nne akafika Mama Muriithi, matope mpaka magotini. "Nimehesabu mara mbili," alimwambia Watiri. "Amelala?"

Watiri akamwambia. Mama Muriithi akaketi kwenye kitanda kilichokwisha kutandikwa, akakitajia kitanda hesabu yake.

Marehemu amemwacha dada yake Watiri, mpwa wake Kihara, na mitarakwa mia sita na kumi na minane.

Umesikia, Mwalimu? Mia sita na kumi na minane. Sahihi. Sasa pumzika kwa amani.