Mama Yetu Bi Nukta na Filamu Zake Ishirini na Tatu

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kumsindikiza mama yetu, kamati ya mazishi imenipa kurasa mbili na dakika kumi. Marehemu alipiga chapa kwa miaka thelathini na tatu, na angesema kurasa mbili zinatosha hati ya kiwanja, hazimtoshi mtu. Mimi ni binti yake, mtoto wa pili. Mama mdogo aliniomba niandike kwamba dada yake alikuwa mpole na mwepesi kwa kila mtu. Mama mdogo, shikamoo, lakini hilo sikuliandika, maana waliofanya naye kazi wangecheka jeneza likiwa hapa hapa.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Machi 1948, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya treni. Baba yake alikuwa mtu wa kufumua. Akikosea tundu moja la sindano, anafumua mshono wote, hata kama mwenye kiatu amesimama mlangoni kwa mguu mmoja. Binti alikaa kwenye kigoda kando yake akiangalia, na sisi watoto tunaamini ndipo taabu zetu zilipoanzia.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956, akamaliza kidato cha nne mwaka 1967, kisha akaingia chuo cha uhazili. Alihitimu Novemba 1969 kwa kasi ya maneno sabini kwa dakika bila kosa hata moja. Kiingereza chake alikipata huko chuoni, nacho kilikuwa Kiingereza cha barua za ofisi, kile cha kurejea barua yako ya tarehe fulani. Hakuwahi kujifunza kingine, na mtaona baadaye kwa nini nalitaja hilo.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa ofisi ya ardhi, chumba namba nne, mezani karibu na dirisha lisilofunguka. Alikaa hapo mpaka alipostaafu mwezi Machi 2003. Wenzake walimpa jina la Bi Nukta, mwanzoni kwa kumteta, baadaye hadi mkurugenzi akawa anamwita hivyo. Hakutumia wino mweupe wa kufutia. Kosa likitokea mstari wa mwisho wa ukurasa, aliichomoa karatasi, akaikunja mara nne, akaanza upya kutoka juu. Siku moja mzee mmoja alisubiri hati yake tangu asubuhi mpaka ofisi inakaribia kufungwa. Alipoona karatasi ya tatu inachomolewa uzalendo ukamshinda.

"Bibi, hilo kosa mimi silioni."

"Wewe hulioni," marehemu akamjibu bila kuinua macho. "Wataliona wajukuu zako wakiwa mahakamani."

Kuhusu ndoa, ilianza kwa kosa la watu wengine. Juni 1969 jumba la sinema la mjini lilitangaza filamu ya nyimbo na mapenzi. Mkanda ulioletwa ukawa sio. Badala ya nyimbo ikatokea filamu ya Kijapani, haina rangi, na ndani yake mwanamume aliyenyoa utosi ametembea robo saa nzima bila kusema neno. Watu walipiga miluzi, wakapiga viti, wakadai na pesa za tiketi zao, wakatoka. Walibaki wawili. Mmoja alikuwa marehemu, aliyekaa wima kama yuko kwenye mtihani. Mwingine alikuwa kijana mwokaji wa mikate, mstari wa tatu kutoka mbele, na yeye alibaki kwa sababu alikuwa amelala fofofo baada ya zamu yake. Picha ilipokwisha, marehemu alimwamsha ili mlinzi asimfungie ndani. Yule kijana akauliza, "Imeishaje?" Marehemu akamsimulia njia nzima. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 4 Desemba 1971, na baba alizoea kusema kwamba alioa ili ajue mwisho wa ile filamu. Waliishi pamoja kwa upendo na ubishi hadi baba alipotutoka tarehe 19 Oktoba 2009.

Sasa niseme juu ya mwigizaji wa filamu ile, yule aliyenyoa utosi. Jina lake marehemu alilitamka vizuri kuliko majina ya wajukuu zake. Alikuwa mwigizaji mkubwa wa Japani ya zamani, na mama alitafuta filamu zake kwa mabaharia, kwa maktaba, kwa wauza kanda, hata kwa mwenye duka la redio aliyekuwa amezitumia kuzuia mlango. Alizipata ishirini na tatu. Mama mdogo alimwita mwigizaji huyo "shemeji". Akifika nyumbani kabla hata ya kuvua viatu anauliza, "Shemeji hajambo?" Mama anajibu, "Hajambo, leo ameamka na panga." Baba naye alimwita "mwenzangu", na alimvumilia.

Kumvumilia kulihitajika. Kila Jumamosi, kuanzia saa nane mchana, sebule ilifungwa. Simu zilizimwa. Filamu ilianza kwenye mashine ya kanda, yakatokea maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na hapo hapo mama akaisimamisha. Akasoma. Akafikiri. Akaandika sentensi ile kwa Kiswahili kwenye daftari, akaweka nukta, akaiachia. Ikisemwa sentensi nyingine, anasimamisha tena. Filamu ya saa mbili ilichukua Jumamosi nne, na kama ni ya wasemaji sana, tano. Mtu amenyanyua panga, mwenzake amefumba macho anangoja kufa, na wewe unangoja mama achague kati ya "nitakuua" na "nitakuulia mbali". Na kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha ofisi, mapigano yote yaliandikwa kiofisi. Katika daftari la tisa, askari mmoja anamwambia mwenzake, "Naomba kukuarifu kwamba leo utakufa. Natanguliza shukrani."

Tulicheka, lakini tulikimbia pia. Kaka yangu, fundi bomba, ghafla alikuwa na mabomba yanayovuja kila Jumamosi. Mdogo wetu alihamia kikazi mji mwingine na nina hakika mashine ile ilichangia. Mimi nilikaa muda mrefu kuliko wao, nadhani hadi dakika ya arobaini, halafu nikasema, "Mama, mwachie basi aseme!" Akanijibu, "Anayesema ana haki ya kuandikwa. Kama una haraka, nenda." Nikaenda. Hiyo ilikuwa mwaka 2012, na kila nilipoalikwa tena nilikuwa na sababu. Duka la dawa ninakofanya kazi halifungwi Jumamosi. Hiyo ni kweli, ingawa zamu huwa tunabadilishana.

Marehemu alianza kuugua Novemba 2021, moyo ukiwa umechoka na miguu ikivimba. Alikubali dawa, akakataa fimbo. Tarehe 27 Julai mwaka huu alilazwa, wodi ya wanawake, kitanda cha kumi na moja. Jumamosi ya tarehe 29 alinishika mkono akaniambia, "Filamu nimeiacha kwenye mashine. Imesimama pale askari anapogonga mlango wa mama yake. Zimebaki dakika ishirini. Nenda ukaniangalizie mwisho, uje uniambie."

Nikasema, "Sawa, Mama."

Nilifika nyumbani kwake, nikafua mashuka, nikamwagilia vyungu vya maua, nikaiangalia ile mashine, nikaona taa yake nyekundu inawaka, nikaondoka. Nilikuwa nimechoka. Nawaomba msinitazame hivyo, nilikuwa nimechoka kweli.

Jumatatu alasiri akaniuliza, "Ehe, imeishaje?"

"Mama yake alifungua mlango," nikasema. "Halafu maadui wakafika. Akapigana nao, walikuwa tisa. Akafia pale mlangoni."

"Mama yake akafanya nini?"

"Akalia sana."

"Na panga?"

"Likavunjika."

Akanitazama kama nilivyomwona akitazama karatasi yenye kosa mstari wa mwisho. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hakuna aliyepigana. Hiyo filamu nimeiona mara sita."

Mnajua nilivyohisi? Nilikasirika. Mtu mzima wa miaka arobaini na saba, nimetegwa kama mwanafunzi. Nikamwambia, "Sasa kama umeiona, ulinituma ya nini?"

"Nilitaka na wewe uione. Nipate mtu wa kuzungumza naye."

"Mama, mimi nina kazi, nina watoto, nina wewe hapa kitandani!" Nilisema kwa sauti, mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili akageukia ukutani. Nikaweka machungwa juu ya kabati nikatoka.

Niliendelea kwenda kila siku, na kila siku nilipitia barabara ile ile yenye nyumba yake. Sikuingia. Nilikuwa nimenuna. Yeye hakuuliza tena, nami sikusema. Jumatatu ya tarehe 7 Agosti nilimkuta amefumba macho, nikaona amelala, nisimsumbue. Nikakaa robo saa nikiangalia simu, nikaondoka bila kusema neno. Jumanne, tarehe 8 Agosti 2023, saa nne na dakika kumi asubuhi, marehemu alifariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitano. Daktari alisema ni moyo. Tunawashukuru wauguzi wa wodi ile, na tunamwomba radhi mgonjwa wa kitanda cha kumi na mbili.

Juzi, Alhamisi, saa nane mchana, nyumba ikiwa imejaa waombolezaji, nilijifungia sebuleni nikawasha ile mashine. Mliogonga mlango mkiulizia ufunguo wa stoo, nilikuwa mle. Dakika ishirini zilinichukua saa tatu, kwa sababu nilisimamisha kila sentensi, sijui kwa nini, vidole vilifanya vyenyewe. Nitawaambia inavyoisha, na safari hii sidanganyi. Askari anagonga, hafunguliwi, anasukuma mlango mwenyewe. Mama yake ni kikongwe, amelala mkekani, amewapa mgongo watazamaji. Askari anakaa chini. Anaanza kumweleza mahali alipokuwa kwa miaka kumi na minane, watu aliowaua, na sababu iliyomfanya asirudi. Anaeleza yote. Mama hajibu, hageuki. Mwisho anamaliza maneno, anasogeza taa kidogo ili mwanga usimpige mama yake usoni, anabaki amekaa. Basi. Imekwisha. Hakuna aliyekufa.

Nilibaki na swali moja, nalo halijanipa usingizi tangu juzi. Yule mama alikuwa amelala kweli, au alikuwa anasikia? Nilifungua daftari la mama. Maneno yote ya askari yapo, na nukta zake. Kwa upande wa yule kikongwe hakuandika kitu, kwa kuwa hasemi kitu. Mtu ameiona filamu mara sita! Lazima alikuwa na jibu. Nimemkasirikia kwa kuondoka nalo, na nimejikasirikia mwenyewe zaidi, na hasira zote mbili sina pa kuzipeleka.

Marehemu ameacha watoto watatu, ambao ni kaka yetu fundi bomba, mimi, na mdogo wetu mwalimu, ameacha wajukuu saba, mdogo wake mmoja, madaftari thelathini na mawili, na filamu ishirini na tatu ambazo katika familia hii hakuna aliyewahi kuzitazama tangu mwanzo mpaka mwisho ila yeye.

Bi Nukta, mama yetu, Mungu akulaze pema na akupe utulivu ambao sisi hatukukupa. Wenzangu, tukimaliza hapa mtatawanyika, kila mtu ana njia yake. Lakini kama kati yenu yupo aliyewahi kuiona filamu ile, namwomba sana asiondoke kabla hajaonana nami.