Mama Phelesia, Mpatanishi wa Sakafu Mbichi

Baada ya miaka ishirini na minne ya kazi, Shemasi Phelesia Akoth anastaafu Jumapili hii, tarehe 28 Novemba 1999, katika kanisa yetu hapa nje kidogo ya Migori. Kamati ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wake, walimu wote walisema wanasahihisha mitihani. Basi kalamu ikaniangukia mimi Byron, mpiga ngoma wa kwaya, na mkisoma mpaka mwisho mtakubali kamati haikukosea.

Mama alizaliwa Kendu Bay, akaolewa Rangwe, na huko ndiko alianza kufundisha watoto Sunday School. Mume wake alipopata kazi Migori mwaka wa 1975, alikuja naye, na inasemekana hakumaliza mwezi kabla hajaanza kuamrisha watu. Sauti ya kuimba Mungu hakumpa, tuseme ukweli. Akishika wimbo, ng'ombe wa jirani huinua vichwa. Lakini sauti ya kuita watu wawili waliogombana, hiyo alipewa magunia.

Lynnet na Mellen, akina mama wa hapa kanisani, waligombania benchi ya karibu na dirisha mpaka wakaacha kusalimiana. Mama aliondoa benchi, wote wawili wakakalia mkeka mmoja hadi Pasaka. Nasi vijana tulipokataa kufyeka kiwanja eti hatukubakishiwa chai, alikuja na panga yake akaanza kufyeka peke yake huku akituimbia. Tulifyeka mbio sana ili anyamaze.

Lakini kesi kubwa ni ya 1996, na hiyo hakuna wa kuieleza kunishinda, kwa sababu nilikuwa dirishani.

Mnajua desturi yetu: mtu akirefusha ushuhuda, kwaya huanzisha wimbo polepole, naye anaelewa, anakaa. Jumapili moja Mzee Gisiri alisimama kushuhudia. Alianza na kuzaliwa kwake kule Kuria, akaingia kwa ng'ombe za baba yake, jua likapanda, watoto wakalala. Mwalimu wa kwaya, Dishon, akaanzisha wimbo. Mzee akakaa.

Wiki iliyofuata hakuja, wala jamaa zake Wakuria. Walisema Wajaluo wamemnyamazisha mzee wao kwa sababu ya kabila. Wakaanza kuabudu kwa ghala la mahindi, na wakatuma habari kwamba Jumatatu watakuja na ngazi kung'oa mabati waliyochangia. Nusu ya paa hiyo! Mchungaji Cephas alizunguka kwa kila upande akibembeleza, wapi. Kanisa ilikuwa inapasuka tukiiangalia.

Hapo Mama Phelesia akamwita Mzee Gisiri aje Jumamosi kupaka sakafu. Wakati huo hatukuwa na saruji. Akina mama walipaka udongo na mavi ya ng'ombe. Mzee akasema hiyo ni kazi ya wanawake.

"Mabati utachukua Jumatatu," Mama akamwambia. "Leo leta mikono."

Alipofika alimkuta Dishon ameshakunja suruali.

Mama aliweka mmoja mlangoni, mwingine madhabahuni, akawaambia wapake wakirudi nyuma hadi katikati. Mwanamke yeyote angekataa, maana sakafu hupakwa ukirudi nyuma kuelekea mlango, upate pa kutokea. Wanaume wale hawakuwa wamepaka hata jikoni. Walipaka bila kusemezana mpaka migongo ikagongana, na pande zote ni mbichi.

"Atakayekanyaga sakafu yangu ataipaka upya yote," Mama akasema, akakaa mlangoni kuambua njugu.

Walisimama kama majogoo wawili ndani ya kapu moja. Mwishowe Dishon akashindwa.

"Lakini mzee, ule ushuhuda ulikuwa unaenda wapi? Mimi niliona tutalala hapa."

"Ulikuwa unakuja kwako."

"Kwangu?"

"Siku ya kuzika mke wangu gari ilikwama kwa matope. Ni nani alibeba jeneza begani mpaka nyumbani, mvua ikimpiga? Siku hiyo sikukushukuru, nilikuwa nalia. Nilitaka nikutaje mbele ya watu. Nilikuwa nimebakisha kidogo tu, Dishon. Ukaniimbia."

Dishon, ambaye hukosa neno akiwa amelala tu, alipangusa macho kwa mkono uliojaa mavi ya ng'ombe. Mzee akamwangalia ule uso, akacheka mpaka akamshika bega asianguke.

Kesho yake Mzee Gisiri alirudi na watu wake, akaanza ushuhuda upya, tangu kuzaliwa. Dishon alikalia mikono. Chai ilipoa, hakuna aliyetoka, na jina lake lilipotajwa kanisa nzima ilipiga makofi. Jumatatu ngazi ilikuja, ndiyo, lakini ya kuziba pale palipovuja.

Sasa Mama anarudi Rangwe kwa boma yake. Ero kamano, Mama, asante kwa kutuvumilia. Tunakuombea miguu yenye nguvu, ng'ombe wa maziwa, na majirani wenye kelele, maana ukikosa kesi utaugua. Hatutakudanganya: kugombana tutagombana, pengine hata kabla basi lako halijafika Rongo. Lakini kuhama, hapana.